Mnili nyuma ya banda la mbuzi: nani anajua kutoa rangi ya buluu?

BintiMaweni

Asalaam alaykum nyote. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya rangi za miti. Mie niko Jambiani, nafanya vitambaa vya batiki na mikoba ya ukindu, na kuna duka moja mjini linachukua mzigo wangu lakini sharti lao rangi itoke kwenye majani na miti, hawataki ya unga wa kopo. Rangi nyengine sina tabu nazo, manjano ipo jikoni, nyekundu natoa kwenye mzingefuri, hudhurungi magome ya mkoko (yalioanguka wenyewe, msije mkanisema), nyeusi mizizi ya mdaa kama wazee walivokuwa wakitia kwenye mikeka. Buluu ndo sina.

Sasa bibi kanionesha kichaka kiko nyuma ya banda la mbuzi karibu na ukuta wa mawe, anasema huo ndo mnili, mti unaotoa nili, yaani rangi ya buluu. Kimo chake kinanifika kifuani, majani madogo madogo yamekaa jozi jozi kwenye kijiti na moja peke yake pale nchani, maua madogo ya waridi yamejibana kwenye makwapa ya majani hata huyaoni mpaka uiname, na viganda vyembamba vimeshikana kishada. Bibi mti anaujua lakini kutoa rangi hajawahi, anasema wakati wao kaniki, zile nguo za buluu iliokoza, zikija dukani zishatiwa rangi. Jirani yangu anasema chemsha tu kama unavochemsha rangi ya ukindu, tia chumvi, bas. Mwengine anasema ukichemsha umeshaiharibu. Nani mkweli? Na ntajuaje kama ndo wenyewe kabla sijakifyeka kichaka chote?

kijana_darajani

Dada unajitesa bure. Njoo Darajani rangi ya unga ipo, unachemsha unachovya unamaliza kabla ya adhuhuri. Au chukua nili ile ya kufulia kanzu, inapatikana kila duka la mtaani, si ndo hiyo hiyo buluu? Mteja atajuaje.

ChovyaTena

Wewe kijana usimpoteze mwenzio. Ile ya kufulia haitii nguo rangi, kazi yake ni kuficha umanjano wa nguo nyeupe, na siku hizi haitoki kwenye mti wowote, ni unga wa kiwandani. Kachovye kitambaa humo ukifue mara moja uone kama kitabaki na kitu.

Sasa nije kwako BintiMaweni. Jirani yako wa pili ndo mkweli, usichemshe. Na nataka uelewe kwanini mana ukilielewa hili yote yaliobaki yanakuwa mepesi. Mzingefuri ukiuloweka rangi unaiona pale pale kwenye maji, mdaa ukiutokosa unaiona kwenye sufuria. Mnili hauko hivo. Ndani ya jani hamna buluu hata chembe, kuna kitu hakina rangi wanakiita indikani, hicho kinatoka majani yakilowa na kuanza kuchacha, alafu kikikutana na hewa ndo kinageuka buluu. Na kikishageuka hakiyayuki tena kwenye maji, kinazama chini kama tope. Kwahiyo kwenye nili anayefanya kazi ni hewa, moto una kazi ndogo sana, na mtu aliezoea rangi za sufuria ndo hapo anapochanganyikiwa.

Kata majani asubuhi, wakati mti ndo unaanza kutoa maua, usingoje ukomae viganda mana nguvu yote inakuwa ishaenda kwenye mbegu. Usikate mpaka chini, bakisha shina utachipua tena. Jaza kwenye pipa au ndoo kubwa, yashindilie, mimina maji mpaka yafunikwe, weka mawe juu yasielee. Kwa joto la huku kwetu ukiloweka asubuhi ikifika usiku au alfajiri ya pili yako tayari, kwa hiyo usiyaache ukaenda harusini ukalala huko. Dalili ni hizi, maji yanakuwa kijani ya kung'ara kama yana taa ndani, juu kuna utando wa buluu na shaba unaometameta kama mafuta ya taa yaliomwagika bandarini, na harufu inaanza kuwa tamu tamu mbaya. Ikifika harufu ya mzoga umechelewa.

Hapo toa majani yote, chuja. Tia chokaa, ile ya tambuu inafaa sana, ikoroge pembeni kwanza kwenye kikombe cha maji ndo umimine, kidogo kidogo. Alafu piga maji. Napiga kwa kuyachota na kata na kuyamwaga kutoka juu, chota mwaga, chota mwaga, mkono ukichoka mpe mtoto. Povu litakuja jeupe, litageuka kijani, alafu buluu kabisa, na likianza kufa lenyewe ujue umemaliza. Acha maji yatulie usiku kucha. Asubuhi juu kuna maji ya kahawia, yamwage taratibu, chini kuna tope la buluu iliokoza. Hilo ndo nili yako. Chuja kwa kitambaa cha marikani kizito, anika kivulini, ikikauka utaivunja kama chokaa ya ukutani.

Ila nikwambie kabisa usije ukasema hukuambiwa, majani gunia zima utapata unga wa kushika kiganjani.

Mpemba_wa_Konde

Huyo hapo juu kasema kweli ila kamrukisha mwenzie, yeye kauliza atajuaje kama mti ndo wenyewe. Miti ya ukoo huu ni mingi mno hapa visiwani na bara, inafanana kama watu wa nyumba moja na mingi yao haitoi kitu.

Fanya hivi. Chukua chupa ya maji ya kunywa, tia majani kiganja kimoja, mimina maji ya moto ya kiasi, yale ya kuoga mtoto, funga, weka juani mpaka kesho yake. Yatoe majani, tia chokaa ya tambuu kama punje ya hindi, acha nafasi ndani ya chupa, tikisa kwa nguvu zako zote. Povu likija buluu, mashaallah unao. Likibaki jeupe au kijani cha bamia, huo ni mti mwengine waachie mbuzi. Tena hata mbuzi usiwaachie ovyo, kuna jamaa zake wenye sumu kwa wanyama, hasa kile kinachotambaa chini.

Na jengine, jani la mnili wenyewe ukilifinyanga ukaliacha likauke linaanza kupiga buluu nyeusi nyeusi, halikauki kijani wala kahawia kama majani mengine. Hii ni ya haraka ukiwa shambani huna chupa.

Mnguja_Muscat

Nasoma huku nafurahi. Kwa faida ya mada, kaniki anazosema bibi zikitoka India, pande za Kutch na Bombay, zimetiwa nili huko huko. Biashara ya nguo Unguja karne ya 19 ilikuwa na vitu viwili vikubwa, merikani nyeupe ilioletwa na majahazi makubwa ya Wamarekani kutoka Salem (walifunga mkataba na Sultani Sayyid Said 1833) na kaniki ya buluu ya kukoza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani 1861 mpaka 1865 vilipoibana pamba yao, nguo za Bombay zikashika nafasi. Kaniki na merikani ndo zilikuwa vazi la watumwa na masikini, ndo mana utumwa ulipofutwa 1897 wanawake wengi hawakutaka hata kuiona tena mwilini, wakakimbilia kanga zenye maua na rangi za kuchangamka. Sasa angalieni mambo, mwaka huo huo 1897 ndo kampuni ya BASF kule Ujerumani ilianza kuuza nili ya kutengenezwa kiwandani, na mashamba ya mnili ya India yakaanza kufa. Mwanasayansi aliefungua njia hiyo, Adolf von Baeyer, akapewa Nobel 1905.

Huku Oman nili ilikuwa na heshima tofauti. Bahla palikuwa na watia nili wakubwa, nguo inachovywa alafu inapigwa kwa rungu la mti mpaka inang'ara kama bati. Zile barakoa za kinamama zenye mng'aro wa shaba ni nili hiyo, ikitokwa jasho inaacha buluu usoni na hakuna aliekuwa akiona aibu. Nimemuuliza mzee mmoja soko la Nizwa walikuwa wakitia nini kwenye mtungi, kasema tende. Kuna mtu anaweza kunielezea tende inaingiaje hapo?

ChovyaTena

Ahsante ami, umegusa penyewe. Tope la nili likishakauka haliyayuki kwenye maji, sasa litaingiaje kwenye uzi? Lazima uliondoshee hewa kwanza lirudi kuwa halina buluu, hapo linayayuka, nguo inalinywa, ukiitoa nje hewa inairudisha buluu ikiwa ishanasa ndani ya uzi. Kazi ya kuondoa hewa ndo inafanywa na sukari ya matunda ikiwa pamoja na chokaa na joto. Tende zimejaa sukari hiyo. Kano kule Nigeria kwenye visima vya kutilia rangi vya Kofar Mata wanatumia majivu badala ya chokaa na kuacha ichache siku nyingi, ni njia nyengine lakini dini moja.

Kipimo wanachotumia wengi sasa ni moja mbili tatu kwa uzito, nili gramu 50, chokaa gramu 100, sukari ya matunda gramu 150. Sukari nyeupe ya dukani haifai hapa, usijaribu kubana pesa, haina uwezo huo. Tende zilizokwisha ramadhani, au ndizi mbivu zilizopitiliza hata huwezi kula, zitokose, chuja, tumia maji yake, ila tia nyingi kuliko kipimo mana humo kuna maji na nyuzi.

kijana_darajani

Sawa nimekubali ile ya kufulia sio. Lakini nauliza kwa nia safi, kama alivosema ami wa Muscat kiwandani wanatengeneza nili, je ile na ya bibi si kitu kimoja? Sasa mtu ahangaike na pipa linanuka kwa lipi?

ChovyaTena

Kitu chenyewe ndani ni kimoja kweli, ukimpa mkemia asafishe hatoona tofauti. Ya kiwandani inatokana na mafuta ya petroli, ya mti inakuja na mabaki mabaki yake kidogo, na wengine tunasema ndo yanaipa buluu ya kutulia isiyopiga macho, lakini mie siapi. Tofauti kubwa iko kwenye mkataba. Duka limemwambia dada rangi ya majani, anawauzia rangi ya majani. Akitia ya kopo akasema ya majani huo ni uongo wa sokoni, na wanunuzi wa vitu hivi siku hizi wanakuja mpaka uani kuangalia pipa.

ShangaziMakunduchi

Harufu mwanangu! Hilo mbona hamlisemi kwa sauti. Dada yangu alikuwa akifanya hizi kazi na kikundi chao na majirani wakaja kulalamika kwa sheha. Pipa liweke upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda baharini, na kaskazi ikigeuka kusi unalihamisha. Na chokaa inaunguza mikono, vaa glavu, mie nimeona mikono ya wale kinamama ilivopasuka. Majani yalotoka kwenye pipa usitupe, huo mti ni wa jamii ya kunde, kayamwage kwenye muhogo.

Na kuhusu pesa, piga hesabu vizuri kabla hujakubali oda. Kichaka kimoja nyuma ya banda hakikufikishi popote, lazima upande, na huko kwenu maweni udongo uko kwenye mashimo mashimo ya mawe tu. Tafuta kipande chenye udongo, pasiposimama maji, loweka mbegu kwanza mana ganda lake gumu, na ungojee miezi mitatu minne ndo ukate mara ya kwanza. Watu wa kilimo Kizimbani wanaweza kukwambia zaidi kuhusu mbegu.

BintiMaweni

Nimerudi. Nimefanya ile ya chupa ya Mpemba wa Konde na povu limekuja buluu!! Bibi kacheka mpaka kakaa chini, anasema si nilikwambia. Nimemwagia kidogo kwenye kitambaa cheupe kikatoka buluu ya mbinguni hivi ila nilipokiosha maji ikaondoka karibu yote, nadhani ndo hiyo alosema ChovyaTena kwamba haikuingia kwenye uzi. Tende ninazo.

Sasa maswali. Mie nafanya batiki, nachora kwa nta. Hilo joto si litayayusha nta yangu? Na nguo niitayarishe vipi? Na ukindu unashika?

ChovyaTena

Nta ndo raha ya nili, rangi nyingi zinataka kutokota lakini hii moto unauhitaji mwanzo tu, pale unapotengeneza mtungi, maji ya moto ambayo mkono unaingia na kutoka haraka. Ukishaona juu pamefunga utando wa shaba na chini maji yamekuwa ya manjano ya kikahawia, yanaonekana safi ukiyachota kwenye gilasi, uko tayari. Uache upoe mpaka uvuguvugu ndo uchovye nguo yenye nta, nta haitoguswa.

Nguo mpya ina wanga wa kiwandani, ukichovya hivo hivo utapata madoa doa. Itokose na sabuni na magadi mpaka maji yatoke ya manjano, suuza. Iloweshe maji safi, ikamue, ndo uishushe kwenye mtungi taratibu bila kurusha mapovu, mana kila povu ni hewa unayoitia ndani na unaiharibu kazi ya tende. Isiguse uchafu wa chini. Dakika chache tu. Sasa itoe, na hapa mwite bibi aje aone. Nguo inatoka ya kijani, kijani cha ndimu changa kabisa, unaitandaza hewani, inaanza pembeni, mishipa mishipa ya buluu inatambaa kuelekea katikati, kwenye mikunjo bado kijani, unaikunjua, nayo inageuka mbele ya macho yako. Subiri robo saa iwe imegeuka yote ndo uchovye tena. Ukitaka buluu ya kukoza kama kaniki usiiache ndani muda mrefu, chovya mara nyingi. Watu wengi wanakosea hapo, wanailaza mtungini kama wanaloweka mchele, inatoka imechujuka tu.

Mwisho suuza na maji yenye siki kidogo kuua ile chokaa, alafu sabuni. Mtungi ukichoka, maji yakawa buluu badala ya manjano, hujaupoteza, tia tende nyengine na chokaa kidogo, pasha, ngoja.

Ukindu mie sikushauri uanze nao, una nta yake juu inakataa na utapata mabaka. Anza na pamba ushike mkono.

Mpemba_wa_Konde

Nyongeza ndogo, lile ua la buluu linalotambaa ukutani ambalo mahotelini wanatilia chai, atakuja mtu atakwambia tumia hilo ni rahisi. Usimsikilize. Ukilikamulia ndimu tu linageuka zambarau, na nguo yako jasho likiingia itakuwa na rangi tatu.

Mnguja_Muscat

Hahaha kweli kabisa nilitaka kulisema hilo hilo mie mwenyewe 😂 nilidhani ndo mnili mdogo.

kijana_darajani

Swali la mwisho nisichekwe. Nina jinzi yangu naipenda imepauka magotini yote. Hizo jinzi si ndo nili pia? Nikija Jambiani na jinzi yangu dada atanichovyea?

ChovyaTena

Ni nili, ndo mana zinapauka pale zinaposuguliwa, rangi imekaa juu juu ya uzi. Inarudi vizuri tu, kama ni pamba tupu, zile za kuvutika zina plastiki ndani hazishiki sawa. Ila ifue vizuri kwanza.

BintiMaweni

Njoo nayo mwezi ujao. Lakini unakuja na tende zako, na kupiga maji ni zamu yako.